Ufa, kitovu na taswira: istilahi za kuchunguza kina cha ardhi kwa mitetemo

ufa nm nyufa [u-/zi-] 1. mwanya mwembamba unaotokea kwenye kitu kigumu kama ukuta, chungu au ardhi. 2. (jiolojia) sehemu ndefu ya ganda la dunia inayotanuka, kuwa nyembamba na kuzama. Hutumika hasa katika jina Bonde la Ufa. Methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maana hizi mbili zinakaa katika neno moja, na hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoanza kuwa ngumu. Maana ya kwanza ni ya jambo linaloonekana kwa macho, linalotokea ghafla na linaloweza kuzibwa. Maana ya pili ni ya jambo lisiloonekana lote kwa macho, linalochukua mamilioni ya miaka na lenye mizizi katika kina ambacho hakuna mchimbaji aliyewahi kukifikia. Methali imeizoesha akili ya msemaji wa Kiswahili kuuona ufa kuwa onyo la kuanguka kwa nyumba. Hivyo, habari ya kisayansi ikisema kwamba ufa wa Afrika Mashariki unatanuka, msomaji huweza kuelewa kwamba ukuta unakaribia kudondoka. Makala hii inapambanua istilahi zinazozunguka neno hilo, pamoja na zile zinazotumika kueleza jinsi mitetemo inavyowawezesha wataalamu kuchora umbo la kina cha ardhi.

Mahali pa mfano: Murukulazo

Murukulazo ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima inayopakana upande wa mashariki na Biharamulo. Magharibi, ng'ambo ya Burundi na Rwanda, liko tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Mashariki liko Ziwa Victoria, ambalo halimo ndani ya bonde la ufa. Tofauti ya maziwa hayo inaeleza mengi. Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, kwa kuwa sakafu yake imezama kati ya kuta za ufa. Victoria, ingawa ni kubwa zaidi kwa eneo, halizidi sana mita 80. Ni maji yaliyotandaa katika bonde la kina kifupi juu ya uwanda ulioinuka. Mto Kagera nao una ushahidi wake. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani mito ya eneo hili, ukiwamo Kagera, ilielekea magharibi, hadi bega la ufa liliponyanyuka na kuigeuza.

Kwa hiyo Murukulazo haiko ndani ya ufa, bali kwenye uwanda ulio kati ya ufa na ziwa. Hata hivyo, chini ya miguu ya wakazi wake kuna mpaka wa kale. Ngara imo katika mkanda wa miamba uitwao Karagwe-Ankole, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.3, ambamo imo nikeli ya Kabanga. Ukielekea mashariki, Biharamulo inafikia ukingo wa kratoni ya Tanzania, yaani kiini cha bara chenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambamo dhahabu imechimbwa. Juu ya ardhi mpaka huo hutambuliwa kwa aina za miamba. Swali la kama unashuka hadi kina kirefu haliwezi kujibiwa kwa nyundo ya mwanajiolojia. Linajibiwa kwa mitetemo, na majibu yake ndiyo yanayohitaji Kiswahili makini.

Ufa, mpasuko na bonde la ufa

mpasuko nm mi- [u-/i-] ni neno linalofaa kwa mkato katika miamba ambao pande zake mbili zimehama, moja ikishuka, ikipanda au ikisogea kando ya nyingine. Tetemeko hutokea pande hizo zinaposhtuka baada ya kukwama kwa muda mrefu. Bonde la ufa lina mipasuko mingi, lakini mpasuko mmoja haufanyi bonde la ufa.

Jina la Bonde la Ufa lilitokana na kazi ya John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza aliyelitembelea mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1896. Lugha aliyoitumia ina neno moja kwa mwanya huu mkubwa na jingine kwa mwanya wa ukutani. Kiswahili kililipa jukumu lote neno ufa. Jina hilo limeshika na halina haja ya kubadilishwa. Kinachohitajika ni mwandishi kueleza mchakato wenyewe kwa maneno mengine, kama vile kutanuka kwa bara au utanukaji wa ufa, badala ya kusema tu kwamba "ufa umetokea".

Mfano wa madhara ya kuchanganya maana hizo ulionekana Kenya mnamo Machi 2018. Baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha za mwanya huo zilizunguka dunia zikiwa na maelezo kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba kilichoonekana kilitokana zaidi na maji kusomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza mianya ya zamani. Ni kweli kwamba bara linatanuka katika eneo hilo, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Wa Suswa ulikuwa ufa kwa maana ya kwanza, ukasomwa kwa maana ya pili.

Tetemeko, mtetemo, zilizala na wimbi

tetemeko nm ma- [li-/ya-] ni tukio: ardhi inatikisika mahali fulani, siku fulani. zilizala nm [i-/zi-], lenye asili ya Kiarabu, lina maana hiyohiyo. Hupatikana zaidi katika maandishi ya kidini na ya kifasihi, na hubeba uzito wa kutisha ambao ripoti ya kitaalamu haiuhitaji. mtetemo nm mi- [u-/i-] ni mwendo wenyewe wa kutikisika, uwe umesababishwa na tetemeko, baruti, lori au mawimbi ya bahari. Kila tetemeko hutoa mitetemo, lakini si kila mtetemo ni tetemeko. Kwa sababu hiyo, elimu ya kuchora kina cha ardhi inafaa kuitwa upigaji taswira kwa mitetemo, kwani si lazima itumie matetemeko. Katika Ziwa Tanganyika, mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke katika miaka ya 1980 ulitumia mitetemo iliyotengenezwa na watu kutoka juu ya maji. Matokeo yalionyesha kwamba ziwa hilo si mfereji mmoja wenye kuta mbili zinazolingana. Ni mfululizo wa mabonde ambayo kila moja lina mpasuko mkubwa upande mmoja na mteremko upande wa pili, na upande wa mpasuko hubadilikabadilika kadiri mtu anavyofuata urefu wa ziwa.

wimbi nm ma- [li-/ya-] linatumika kwa mtetemo unaosafiri. Aina mbili zinazopita ndani ya dunia ni mawimbi P, yanayobana na kutanua mwamba kuelekea yanakokwenda, na mawimbi S, yanayoutikisa mwamba kukingama na mwendo wake. Katika ganda la dunia mawimbi P husafiri kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde na mawimbi S kwa takriban kilomita 3.5, kwa hiyo P hufika kwanza. Kila sekunde moja inayopita kati ya kufika kwa P na kufika kwa S ni sawa na takriban kilomita 8 za umbali kutoka palipoanzia tetemeko. Mawimbi S hayapiti katika kiowevu, na kwa njia hiyo ilijulikana kwamba sehemu ya nje ya kiini cha dunia ni ya kiowevu.

Kitovu na kina, ukubwa na ukali

Hakuna neno linalopotosha zaidi katika habari za matetemeko kuliko kitovu nm vi- [ki-/vi-]. Linatumika kwa mambo mawili: mahali ndani ya ardhi ambapo mwamba ulianza kupasuka, na mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya hapo. Ufafanuzi unaofaa ni kutumia chanzo cha tetemeko kwa mahali pa ndani, na kitovu kwa mahali pa juu ya ardhi. Hivyo kina ni cha chanzo, wala si cha kitovu.

Tofauti hii ilihusu maisha ya watu tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, Mkoa wa Kagera ulipotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, jirani na mpaka wa Uganda, lakini maafa makubwa yalikuwa mjini Bukoba, ambako nyumba nyingi za matofali na udongo zilianguka. Watu wasiopungua 16 walikufa nchini Tanzania. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kina cha chanzo kuwa takriban kilomita 40. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba "kitovu kilikuwa na kina cha kilomita 40" angeweza kudhani kwamba tetemeko lilikuwa mbali naye kwa umbali huo, au kwamba kuna shimo mahali fulani. Maana yake halisi ni kwamba mwamba ulivunjika karibu na sakafu ya ganda la dunia, na mitetemo ilipanda na kusambaa katika eneo pana. Hiyo ni mojawapo ya sababu za tetemeko la namna hii kusikika mbali sana na kitovu chake.

Jozi nyingine ya kutunzwa ni ukubwa na ukali. Ukubwa ni kipimo kimoja cha tetemeko zima. Tetemeko la Kagera lina ukubwa mmoja tu, 5.9. Ukali ni kiasi cha kutikisika na madhara mahali fulani, na hutofautiana kati ya Bukoba, Ngara na Kampala. Neno rikta limezoeleka katika magazeti, lakini wataalamu wa leo hutumia vipimo vingine kwa matetemeko ya kati na makubwa. "Tetemeko la ukubwa wa 5.9" ni sahihi katika kila muktadha.

Picha, taswira na rangi

Picha na taswira, zote [i-/zi-], hubadilishana katika matumizi ya kila siku. Katika fani hii ni bora zitenganishwe. Picha huchukuliwa na kamera, na anayeitazama huamini kwamba kilichomo kilikuwapo. Taswira ya kina cha ardhi ni hesabu. Kipimatetemeko huandika saa na umbo la wimbi linapofika. Wataalamu hulinganisha muda huo na ule uliotarajiwa. Wimbi likichelewa, limepita mahali panapolipunguza kasi. Likiwahi, limepita mahali panapoliongeza kasi. Mawimbi mengi yanayopishana kutoka pande nyingi yakikusanywa, sehemu za kasi ndogo na kasi kubwa hutambuliwa. Njia hii huitwa tomografia nm [i-/zi-], na mantiki yake inafanana na ile ya mashine za hospitali zinazochora viungo vya ndani kwa miale mingi.

Njia ya pili husikiliza mwangwi wa aina yake. Wimbi P kutoka tetemeko la mbali linapopanda na kukutana na mpaka kati ya koti na ganda la dunia, sehemu yake hugeuka kuwa wimbi S. Wimbi hilo jipya hufika kituoni baada ya P kwa sekunde 4 hadi 5 ikiwa ganda lina unene wa karibu kilomita 38. Kadiri ganda linavyokuwa nene ndivyo kuchelewa kunavyoongezeka. Mpaka huo huitwa Moho, kwa jina la Andrija Mohorovičić wa Kroatia, aliyeutambua kutokana na tetemeko la mwaka 1909.

Mtego mkubwa kwa mfasiri ni rangi. Kwa desturi, michoro ya tomografia hupaka nyekundu sehemu za kasi ndogo na buluu sehemu za kasi kubwa. Nyekundu haimaanishi moto wala mwamba ulioyeyuka. Ina maana kwamba mawimbi yamepungua kasi kwa asilimia chache, mara nyingi kwa sababu mwamba una joto zaidi ya ulio kando yake. Koti la dunia ni la mwamba mgumu unaosogea polepole mno. Kuandika "uji wa moto" au "bahari ya lava" chini ya Afrika Mashariki ni kutafsiri rangi badala ya kutafsiri matokeo. Vilevile taswira hii ina mipaka yake: kitu kilicho kidogo kuliko nafasi kati ya vituo hakionekani vizuri, na umbo huweza kurefuka kuelekea mawimbi yalikopita. Vitenzi vinavyofaa ni inaashiria, inakadiriwa na inalingana na. Kitenzi inathibitisha kitumike kwa nadra.

Ganda, koti, kratoni na uwanda

Tabaka la juu la dunia huitwa ganda, gamba au ukoko. Yote matatu yanaeleweka, lakini mwandishi achague moja na asiyachanganye katika andiko moja. Tabaka linalofuata huitwa koti nm ma- [li-/ya-]. kratoni nm [i-/zi-] ni kiini cha kale cha bara, kigumu na kizito kuvunjika.

uwanda nm nyanda [u-/zi-] lina tatizo lake. Kijiografia, uwanda wa juu ni eneo pana lililoinuka na kuwa tambarare kiasi. Lakini wingi wake, nyanda za juu, umekwisha kuzoeleka kwa maana ya nchi ya milima, kama katika Nyanda za Juu Kusini. Anayetafsiri habari za uwanda wa Afrika Mashariki, unaobeba Ziwa Victoria kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134, atumie umoja: uwanda wa juu wa Afrika Mashariki.

Istilahi hizi zikishikwa, matokeo ya uchunguzi husomeka bila utata. Mwaka 1994 na 1995, vituo 20 vya mitetemo viliwekwa nchini Tanzania katika utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Marekani, akiwamo Andrew Nyblade wa Chuo Kikuu cha Penn State. Ilionekana kwamba ganda chini ya kratoni lina unene wa takriban kilomita 37 hadi 42, na kwamba kratoni ina mzizi wa kasi kubwa unaoshuka hadi kama kilomita 200 au zaidi. Kuanzia mwaka 2007, chini ya mpango wa AfricaArray, vituo vya muda vilisimikwa Uganda na Tanzania, na baadaye Zambia. Fred Tugume wa Uganda na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba ganda la kratoni na lile la mikanda iliyoizunguka halitofautiani sana kwa unene. Kwa lugha ya Ngara na Biharamulo: mpaka unaoonekana wazi juu ya ardhi kati ya nikeli na dhahabu hauachi hatua kubwa kwenye sakafu ya ganda.

Tofauti kubwa iko chini zaidi. Mwaka huohuo wa 2012 utafiti mwingine ulionyesha kwamba chini ya kifuniko hicho kigumu kuna sehemu ya kasi ndogo iliyoenea chini ya uwanda mzima, wala si chini ya matawi mawili ya ufa peke yake. Gabriel Mulibo, mtaalamu Mtanzania, na Nyblade waliongeza mwaka 2013 kwamba tabaka la koti lililo kati ya kilomita 410 na 660 ni jembamba kuliko kawaida chini ya eneo hili, dalili ya joto linalopanda kutoka kina kirefu. Sehemu hiyo ya kasi ndogo inahusishwa na nyingine kubwa zaidi inayoanzia karibu na kiini cha dunia, kwenye kina cha takriban kilomita 2,900 chini ya kusini mwa Afrika, na kuinuka kuelekea kaskazini-mashariki.

Picha inayojengeka ni tofauti na ile ya ukuta uliopasuka. Uwanda umenyanyuliwa kutoka chini. Kratoni iliyo katikati imebaki imara. Na utanukaji umepita kandokando yake, mashariki na magharibi, katika mikanda dhaifu zaidi.

Masahihisho ya sentensi

Isiyofaa: "Ngara iko ndani ya Bonde la Ufa ndiyo maana hutetemeka." Inayofaa: "Ngara iko kwenye uwanda wa juu, mashariki ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa; matetemeko hutokea pia nje ya bonde lenyewe."

Isiyofaa: "Picha zimethibitisha kuwapo kwa moto chini ya Ziwa Victoria." Inayofaa: "Taswira za mitetemo zinaashiria mwamba wenye joto kuliko kawaida katika kina cha zaidi ya kilomita 150 hivi chini ya uwanda."

Isiyofaa: "Kitovu cha tetemeko kilikuwa kilomita 40." Inayofaa: "Chanzo cha tetemeko kilikuwa kwenye kina cha takriban kilomita 40, na kitovu chake karibu na Nsunga."

Isiyofaa: "Ufa wa Afrika usipozibwa, bara litagawanyika." Inayofaa: "Bara linatanuka kwa milimita chache kwa mwaka, kinachoweza kuimarishwa na watu ni nyumba zao."

Sentensi hiyo ya mwisho inarudisha methali mahali pake. Ufa wa maana ya pili hauzibiki, na hakuna anayetakiwa kujaribu. Ufa wa maana ya kwanza, ule wa ukuta wa nyumba ya Murukulazo au ya Bukoba, bado unazibika, na mkazi atajua azibe upi ikiwa tangazo lililomfikia limeandikwa kwa maneno yaliyotenganishwa sawasawa.